Kichwa cha Mbuzi Mezani: Kuujua Ubongo na Neva kwa Mikono Yako

Kabla hujanunua chochote, weka kiganja kwenye paji la uso wako. Kihamishe hadi utosini, kisha kwenye panja, pale mbele ya sikio na juu kidogo, umalizie kisogoni. Tayari umepita juu ya mapande manne ya ubongo mkubwa: pande la paji, la utosi, la panja na la kisogo. Mwanafunzi anayekariri majina ya Kilatini usiku kucha na kuyasahau wiki ya pili yake mara nyingi hajaambiwa kwamba ramani anayo, na majina yake anayajua tangu utotoni.

Mipaka ya mapande haya hailingani kwa usahihi wa seremala na mifupa ya nje, lakini kwa kuanzia inatosha. Pande la paji hupanga, huamua na kujizuia. Ukingo wake wa nyuma ndio unaoamuru misuli kusogea. Pande la utosi hupokea hisia za mguso na kujua kiungo kiko wapi hata ukifumba macho. Pande la panja husikia, huelewa maneno, na ndani yake limeficha hipokampasi inayotunza kumbukumbu mpya. Pande la kisogo huona. Ndiyo maana mtu akipigwa kisogoni huona nyota: macho hayajaguswa, ila sehemu inayosoma habari za macho imetikiswa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa baiolojia na wanafunzi wao wa Mwanza na pwani ya ziwa kwa jumla, mahali ambapo modeli ya plastiki ni adimu lakini kichwa cha mbuzi hakikosekani. Kazi yote huchukua vipindi vitatu au vinne, na katikati yake siku kadhaa za kusubiri.

Neno moja la kusafisha kwanza

Kiswahili cha mtaani hulibebesha neno "mshipa" mizigo mingi mno. Panapopita damu ni mshipa. Panapopita fahamu ni mshipa. Mtu akijivuta kano ya nyuma ya goti atasema mshipa umekaza, na mwanamume mwenye ngiri husemwa ana mshipa. Mezani mkanganyiko huu huharibu somo, kwa sababu mishipa ya damu, neva na kano vitaonekana kwa wakati mmoja na vingi ni vyeupevyeupe. Kubalianeni mapema: mshipa ni wa damu, neva ni ya fahamu, kano ni ile inayofunga msuli kwenye mfupa. Kadhalika, uti wa mgongo ni mifupa; kamba laini inayopita ndani yake ni ugwe mgongo.

Hatua ya 1: Kununua

Nunua vichwa viwili vya mbuzi, kipande cha shingo chenye pingili tatu au nne, na paja moja la kuku. Mbuzi anafaa kuliko ng'ombe kwa sababu fuvu lake ni jepesi kukatwa, na kwa kuwa huchinjwa shingoni bila kupigwa kichwani, ubongo hutoka mzima. Ng'ombe aliyegongwa nyundo kabla ya kuchinjwa atakupa ubongo uliovuja damu. Tena hakuna mwanafunzi atakayeona vigumu kumshika mbuzi kwa sababu za dini.

Masharti ni matatu. La kwanza, mnyama awe amekaguliwa na mkaguzi wa nyama akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Usipokee kibudu kwa bei yoyote ile: kichaa cha mbwa huwapata pia mbuzi na ng'ombe, na virusi vyake hukaa kwenye ubongo na mate. La pili, kichwa kisiwe kimebabuliwa. Wauza supu hukibabua motoni ili kutoa manyoya, na joto lile huivisha ngozi ya juu ya ubongo. Nenda mapema useme, "Kaka, hivi viwili naomba usivibabue, nitavichukua na manyoya yake." La tatu, mwombe akukatie pembe kwenye shina kwa msumeno na kuondoa taya la chini, lakini asiguse shoka. Mchinjaji aliyezoea kupasua vichwa vya supu atakipasua kwa pigo moja kabla hujamaliza kuongea.

Ubongo huanza kulainika mara tu damu inapoacha kuupita, na joto la Mwanza halisaidii. Usikae nacho zaidi ya saa tatu bila barafu. Barafu ya wauza samaki inatosha kabisa; funga kichwa kwenye mfuko wa plastiki kwanza, maji ya barafu yasiingie. Usikitie kwenye friza hadi kigande. Chembe za barafu hupasua seli, na kikiyeyuka utamwaga uji.

Hatua ya 2: Kufungua fuvu

Unahitaji msumeno wa chuma wenye meno madogo, bisibisi bapa, mkasi wenye ncha butu, wembe mpya au kisu cha maabara, kijiko cha chai, sinia, glovu, barakoa na miwani ya kukinga macho. Miwani si urembo: vumbi la mfupa hurukia usoni. Akate mwalimu au mtu mzima mwenye mkono imara. Wanafunzi watazame hadi fuvu lifunguke.

Chuna ngozi na nyama kuanzia juu ya macho hadi kisogoni, mfupa ubaki mweupe. Chora mistari mitatu kwa kalamu ya rangi. Wa kwanza ukatize paji, upana wa kidole kimoja nyuma ya ukingo wa matundu ya macho. Wa pili na wa tatu uanzie kwenye ncha za mstari huo, upite pembeni juu ya sikio kila upande, ukutane na tundu kubwa la nyuma ya fuvu ambamo ugwe mgongo hupita. Kuzunguka tundu hilo kuna vifundo viwili vya mfupa. Mistari ipite upande wa ndani wa vifundo, si wa nje.

Hapa ndipo wengi hukosea. Paji la mbuzi lina kuta mbili, na kati yake kuna uwazi wa hewa unaoendelea hadi ndani ya shina la pembe. Ukiona shimo tupu usidhani umefika, wala usidhani umeuziwa kichwa kisicho na ubongo. Ukuta wa pili bado. Kata taratibu, sikiliza mlio: msumeno unapokaribia kutoboa, sauti hubadilika na mkono huhisi wepesi. Simama hapo. Vipande vidogo vilivyobaki uvivunje kwa kuzungusha bisibisi ndani ya ufa, usimalizie kwa msumeno.

Inua kifuniko cha mfupa. Kinachoonekana si ubongo bali utando mgumu, mweupe kama ngozi ya ngoma, wa kwanza kati ya tando tatu. Chini yake kuna utando wa buibui, na wa tatu, laini kabisa, umegandamana na ubongo na kuufuata katika kila mkunjo. Ugonjwa wa kuvimba kwa tando hizi tunauita homa ya uti wa mgongo, na wengi huuliza kwa nini jina liwe la mgongo ilhali mgonjwa analalamika kichwa na shingo. Tando ni zilezile zinazoshuka kuuzunguka ugwe mgongo, na maji yaliyo ndani yake ni mamoja. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku, kwa hiyo hubadilishwa mara kadhaa kati ya asubuhi na asubuhi. Njia ya kutokea ikiziba kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya kichwa haijaungana, kichwa hukua kupita kiasi.

Kata utando mgumu kwa mkasi kufuata ukingo wa mfupa. Utakuta pazia linaloshuka katikati ya nusu mbili za ubongo, na jingine linaloutenga ubongo mkubwa na ubongo mdogo wa nyuma. Yote mawili yakatwe. Ukiyavuta, ubongo utachanika nayo. Kisha geuza fuvu chini juu, sentimita tano tu kutoka kwenye sinia, uzito wa ubongo uuvute wenyewe. Anzia upande wa pua: tumia mpini wa kijiko kubandua vichuguu viwili vya kunusa kutoka kwenye vishimo vyake, kisha kata neva za macho, halafu neva nyingine moja baada ya nyingine kuelekea nyuma, na mwisho ugwe mgongo. Usivute. Ubongo mbichi una ulaini wa ugali wa moto usioiva vizuri, na kidole kikiingia hakitoki bila kuacha shimo.

Tezi ya pituitari karibu kila mara hubaki ndani ya kishimo chake kwenye sakafu ya fuvu. Hilo si kosa lako. Waonyeshe wanafunzi pale ilipo: tezi ya ukubwa wa punje ya kunde, imekaa kwenye kiti cha mfupa, katikati kabisa ya kichwa.

Kichwa cha pili usikifungue hivi. Kikate kwa msumeno katikati, kutoka pua hadi kisogo, kipatikane kipande cha kulia na cha kushoto. Ubongo ubaki humo ndani ya mfupa wake. Utaonyesha jinsi ulivyopangwa mahali pake, jambo ambalo ubongo ulio nje hauwezi kulionyesha.

Hatua ya 3: Kuukaza

Ubongo mbichi unaweza kuangaliwa lakini haukatiki kwa unadhifu. Lazima ukazwe kwanza.

Kwa shule tunapendekeza spiriti ya asilimia 70. Ubongo mmoja wa mbuzi, wenye gramu 100 na ushei, uwekwe kwenye lita moja nzima ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Weka pamba nene chini, au ufunge uzi kupitia chini ya mshipa wa damu unaopita katikati ya sehemu ya chini ya ubongo, uuning'inize kichwa chini. Ukilala kwenye sakafu ya ndoo utakuwa bapa upande mmoja na hautarudi. Baada ya saa 24 mwaga spiriti hiyo na uweke mpya, kwa sababu maji yaliyotoka kwenye ubongo yameipunguza nguvu. Acha siku 5 hadi 7, mbali na jiko na kiberiti.

Kosa la kawaida ni nje kukaza na ndani kubaki uji. Spiriti huingia polepole na hukaza ngozi ya juu haraka mno. Dawa yake ni kutenganisha nusu mbili za ubongo kidogo kwa vidole na kuchanja kwa wembe daraja jeupe linaloziunganisha, mkato wa sentimita 1 tu, ili spiriti iingie kwenye vyumba vya ndani.

Formalini, dawa ya maji ya kuhifadhia maiti, hufanya kazi nzuri zaidi, tatizo ni kwamba huunguza macho na koo na imethibitika kusababisha saratani. Kama maabara yenu ina kofia ya kuvuta hewa, yaani kabati linalonyonya mvuke na kuutoa nje, changanya mililita 100 za formalini ya dukani na mililita 900 za maji na gramu 9 za chumvi, acha wiki 2, kisha suuza kwa maji yanayotiririka siku nzima kabla ya kukata. Kama hamna kofia hiyo, baki na spiriti. Kuchemsha ni njia ya mkato inayotumiwa na wenye haraka. Ubongo hukaza kweli, ila tofauti ya rangi kati ya kijivu na nyeupe hufifia, na tofauti hiyo ndiyo nusu ya somo.

Hatua ya 4: Kuusoma

Anza kwa kuutazama kutoka juu. Nusu mbili za ubongo mkubwa zimejaa mikunjo. Mikunjo ni njia ya kuingiza eneo kubwa ndani ya fuvu dogo, kama unavyokunja kanga ili iingie mfukoni. Nyuma yake kuna ubongo mdogo wenye vikunjo vyembamba vilivyopangana kama kurasa. Huu ndio unaosawazisha mwendo: mtu aliyelewa hupepesuka na kukosa kuweka kidole puani kwa sababu pombe imeushika.

Sasa mweke mbuzi kando ya mtu. Kwa mbuzi ubongo mdogo uko nyuma ya ubongo mkubwa. Kwa mtu uko chini yake, ndani ya kisogo, kwa sababu ubongo mkubwa wa mtu umekua hadi ukaufunika. Ugwe mgongo wa mbuzi hutoka nyuma, wa mtu hushuka chini, kwa kuwa sisi tunasimama. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 hadi 1.4, karibu seli za neva bilioni 86. Ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, na hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake mtu akiwa ametulia. Kukunja ngumi mbili na kuziweka pamoja vidole vikitazamana kunatoa umbo la nusu mbili za ubongo wa mtu kwa ukaribu mzuri sana, na kila mwanafunzi anaweza kulichukua umbo hilo hadi nyumbani.

Ugeuze. Upande wa chini ndio wenye utajiri, na walimu wengi huupita haraka. Mbele kabisa kuna vile vichuguu viwili vya kunusa, vikubwa kwa mbuzi, vidogo kwa mtu. Mbuzi anaishi kwa pua. Nyuma yake neva za macho hukutana na kupishana kwa umbo la herufi X. Baadhi ya nyuzi huvuka, nyingine hubaki upande wake, matokeo yake kwa mtu ni kwamba kila kinachoonekana kushoto husomwa na kisogo cha kulia. Nyuma ya X kuna kishina kilichokatika: hapo ndipo pituitari ilipokuwa imening'inia. Endelea nyuma hadi kwenye uvimbe unaokatiza, ambao ni ponzi, kisha medula oblongata, shina linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Pembeni mwa ponzi tafuta shina nene la neva, nene kuliko yote: ni neva ya tano, inayohisi uso na kuendesha utafunaji. Jumla ya neva za kichwa ni jozi 12, na usijisumbue kuzitafuta zote; ukipata sita zilizo wazi umefanya kazi safi.

Kwenye medula, katikati upande wa chini, kuna vipande viwili virefu vilivyolala sambamba. Kwa mbuzi ni hafifu, kwa mtu ni vinene, na hapo ndipo nyuzi nyingi zinazoamuru misuli huvuka kwenda upande wa pili. Hii ndiyo sababu kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hupooza mkono na mguu wa kulia. Na kwa kuwa kwa watu wengi lugha iko kushoto, mgonjwa aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alionyesha ubongo wa mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka ila silabi moja, na jeraha lilikuwa kwenye pande la paji la kushoto, sehemu ya chini. Mahali hapo, kwako wewe, ni karibu na panja la kushoto.

Panja lenyewe linastahili tahadhari. Mfupa wake ni mwembamba, na upande wa ndani hupita mshipa wa damu unaolisha utando mgumu. Dereva wa bodaboda anayevaa helmeti bila kuifunga kamba, akianguka, panja hugonga lami. Mfupa ukikata mshipa huo, damu hujikusanya kati ya fuvu na utando. Mtu anaweza kuamka, akaongea, akakataa kupelekwa hospitali, kisha baada ya saa chache akasinzia moja kwa moja. Aliyepoteza fahamu hata dakika moja asiachwe alale nyumbani "apumzike". Apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Sasa kata. Weka wembe kwenye mfereji wa katikati, mkato mmoja mrefu wa kushuka, usikereze kama unakata mkate. Kwenye uso uliokatwa utaona upinde mweupe: ndilo daraja linalounganisha nusu mbili. Chini yake kuna talamasi, umbo la yai dogo, kituo ambacho karibu hisia zote, isipokuwa harufu, hupitia kwanza. Chini ya talamasi kuna haipothalamasi, inayopima joto, njaa na kiu. Nyuma kuna vilima vinne vidogo, viwili vya juu vya kuona, viwili vya chini vya kusikia, na kati yake na sakafu kuna njia nyembamba ya maji kama tundu la sindano. Njia hiyo ndiyo huziba katika baadhi ya watoto wenye vichwa vikubwa. Ubongo mdogo ukikatwa hivi huonyesha mti mweupe wenye matawi, na huwezi kuuonyesha darasa lisiguswe.

Nusu iliyobaki ikate vipande vya unene wa sentimita 1, kukatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Ukanda wa nje ni wa kijivu: miili ya seli. Ndani ni nyeupe: nyaya zake, zilizofunikwa na mafuta. Kwa mtu ukanda wa kijivu una unene wa milimita 2 hadi 4 tu, na humo ndimo fikra zako zinafanyika sasa unaposoma.

Ukikuta kifuko cha maji meupe chenye vidoa vyeupe ndani yake, usikipasue. Ni kifuko cha tegu wa mbwa. Mbuzi mwenye nacho huzungukazunguka upande mmoja kabla ya kufa; Wamaasai huuita ugonjwa huo ormilo. Tegu wa nguruwe hufanya jambo linalofanana kwenye ubongo wa mtu anayekula mayai yake kupitia mikono au mboga chafu, na ni chanzo kimojawapo cha kifafa kinachozuilika kwa kunawa.

Hatua ya 5: Shingo na paja la kuku

Kipande cha shingo kikatwe katikati ya pingili mbili. Ndani ya tundu kuna ugwe, na uso wake uliokatwa una umbo la kipepeo wa kijivu lililozungukwa na weupe. Mpangilio umegeuka ukilinganisha na ubongo: kijivu ndani, nyeupe nje. Kila upande hutoka mizizi miwili. Wa mgongoni huingiza hisia, wa tumboni hutoa amri. Wa mgongoni una kifundo kidogo, na kifundo hicho kikionekana huwezi tena kuichanganya mizizi hiyo.

Mtu ana jozi 31 za neva za ugwe: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu. Ugwe wenyewe ni mfupi kuliko uti, kama sentimita 45, na huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna nyuzi tu, kama mkia wa farasi. Daktari anayechukua maji ya uti wa mgongo huchoma sindano chini ya mwisho huo, kwa hiyo ile hofu kwamba sindano itapooza miguu haina msingi wa anatomia.

Paja la kuku ni rahisi mno na ni tamu kulifundishia. Chuna ngozi, tenganisha misuli ya nyuma kwa vidole bila kisu. Utakuta uzi mweupe umelala pamoja na mshipa wa damu mwekundu mweusi. Ukibonyeza mshipa, damu husogea. Ukikata, una tundu. Neva haina tundu, hugawanyika matawi, na ikitazamwa karibu ina mistari midogo ya kukatiza. Kano hung'aa kama hariri na huishia kwenye mfupa. Wakishazishika zote tatu, neno "mshipa" halitawasumbua tena.

Hatua ya 6: Jaribio kwa mtu hai

Mtu mmoja ashike rula ya sentimita 30 wima, mwingine aweke vidole viwili kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiwe ghafla. Ikidakwa kwenye sentimita 10, muda uliopita ni sekunde 0.14, kwenye 15, ni 0.17, kwenye 20, ni 0.20, kwenye 25, ni 0.23. Rudia mara 10 na uchukue wastani, maana la kwanza karibu kila mara huharibika. Habari imetoka jichoni, ikaenda kisogoni, ikaja mbele kwenye ukingo wa pande la paji, ikavuka kwenye medula, ikashuka shingoni na kufika vidoleni. Kisha linganisha na goti linaloruka likigongwa chini ya kifuniko chake: hilo halisubiri ubongo, hugeuzia kwenye ugwe wa kiunoni, na ni la haraka zaidi kwa mbali.

Kasi ya neva nayo si moja. Nyuzi nene zenye mafuta hupitisha habari hadi mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba za maumivu ya pole hupitisha karibu mita 1. Mtu akijikwaa kidole cha mguu kwenye majabali ya Mabatini, anajua amejikwaa kabla hajaumia. Maumivu yale yanayobakia huchelewa sekunde moja au mbili njiani.

Kusafisha

Vifaa vilowekwe dakika 10 kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, kisha visuuzwe mara moja, la sivyo chuma hupata kutu. Mabaki yote yazikwe nusu mita kwenda chini au yachomwe. Usimtupie mbwa kichwa, hata kama anakufuata tangu sokoni: tegu yule wa kifuko hukamilisha maisha yake tumboni mwa mbwa. Formalini isimwagwe kwenye mtaro, maana mitaro ya Mwanza yote hushuka ziwani. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye lebo na itumike tena kwa ubongo wa muhula ujao.